Mtoto Mchanga Asiyelala Vizuri: Dalili, Sababu na Hatua za Kuchukua

Malalamiko ya wazazi kuhusu usingizi wa kichanga si mengi kama yanavyoonekana saa tisa za usiku. Ni saba au manane hivi, nayo hujirudia karibu kwa maneno yaleyale: analala mchana kutwa na usiku anakesha, nikimlaza tu anaamka, kila jioni analia hadi sauti inamkauka. Mwongozo huu umepangwa kwa kufuata malalamiko hayo. Chini ya kila dalili, sababu inayotokea mara nyingi zaidi ndiyo iliyotangulia, na ukaguzi usiohitaji chochote isipokuwa macho na mikono yako umewekwa kabla ya hatua kubwa zaidi. Yaliyoandikwa hapa yanamhusu mtoto tangu kuzaliwa hadi miezi mitatu, aliyetimiza siku zake tumboni. Aliyezaliwa kabla ya wiki 37, au mwenye ugonjwa uliokwisha kujulikana, ana masharti yake, na wanaomtunza kitabibu ndio wenye neno la mwisho.

Kwanza, ujue kipi si tatizo

Kichanga hulala kati ya saa 14 na 17 kwa siku, lakini kwa vipande vipande, kwa sababu tumbo lake ni dogo na maziwa humeng'enywa upesi. Hunyonya mara 8 hadi 12 katika saa 24, usiku ukiwemo. Mzunguko mmoja wa usingizi wake huchukua takriban dakika 50, na karibu nusu ya usingizi wote ni ule mwepesi, ambao macho hucheza chini ya kope, midomo hutabasamu na kukunja, na mikono hurukaruka. Mtu mzima huanza na usingizi mzito. Kichanga huanza na huo mwepesi. Jambo hili moja linaeleza nusu ya yanayofuata.

Kwa hiyo, mtoto wa wiki tatu anayeamka mara tatu usiku, akanyonya, akalala tena, hana kasoro ya kurekebishwa, na mtu akikuuzia mbinu ya kumfanya alale usiku kucha katika umri huo, usinunue.

Dalili ambazo hazisubiri mwongozo

Acha kusoma na umpeleke mtoto hospitali mara moja ukiona lolote kati ya haya: joto la nyuzi 38 za Selsiasi au zaidi, au mwili uliopoa chini ya nyuzi 35.5, pumzi zinazofikia 60 au zaidi kwa dakika nzima, zikihesabiwa mara mbili akiwa ametulia, mbavu zinazoingia ndani kila anapovuta hewa, midomo au ulimi kuwa wa buluu, kusita kupumua kwa sekunde 20 au zaidi, degedege, utosi uliovimba, kukataa kunyonya kabisa, matapishi ya kijani. Kwa mtoto wa umri huu homa haitulizwi nyumbani kwa dawa kisha ikasubiriwa asubuhi. Wahudumu wengi huanza kuwa na wasiwasi tangu kipimajoto cha kwapani kinapoonyesha 37.5, nao wana haki, kwa sababu maambukizi kwa kichanga husambaa haraka kuliko dalili zake.

Dalili ya kwanza: analala mchana, anakesha usiku

Sababu karibu ni moja tu: hajawa na saa ya mwili. Alipokuwa tumboni alitegemea homoni za mama kutofautisha usiku na mchana, na mwendo wa mama mchana ulimbembeleza. Baada ya kuzaliwa anaanza kujenga mfumo wake mwenyewe, na ujenzi huo huonekana kuanzia wiki ya sita hadi ya nane, ukakomaa zaidi kufikia mwezi wa tatu au wa nne.

Kagua mwanga kwanza. Ikiwa chumba kimefunikwa mapazia mchana kutwa ili alale, na usiku taa kubwa inawashwa kila anapobadilishwa nepi, anafundishwa kinyume. Mchana fungua mapazia, zungumza naye, wala usiwanyamazishe watu wa nyumbani. Usiku tumia taa hafifu, usimchekeshe, na usimbadilishe nepi isipokuwa ina kinyesi au imelowa sana. Kipande cha usingizi wa mchana kikizidi saa tatu, mwamshe anyonye, ili maziwa mengi ya siku yaingie mchana. Zaidi ya hapo ni kungoja.

Dalili ya pili: analala mikononi, akilazwa anaamka

Hili ndilo lalamiko linaloongoza, na ndilo linalowafanya wazazi wafanye mambo ya hatari bila kukusudia. Kwa hiyo nalikalia zaidi.

Sababu ya kwanza ni kulazwa mapema mno, angali katika usingizi mwepesi. Ukaguzi wake ni rahisi: inua mkono wake kidogo kisha uuachie. Ukijikunja, au vidole vikifumba, bado hajazama. Ukianguka kama kitambaa kilicholowa, amezama. Kwa kawaida inamchukua dakika 15 hadi 20 tangu afumbe macho, na mzazi aliyechoka huona dakika tano kuwa nyingi.

Sababu ya pili ni namna anavyoshushwa. Kila kichanga huzaliwa na mshtuko wa asili ambao daktari Ernst Moro aliueleza mwaka 1918: kichwa kikihisi kuanguka, mikono hutanuka ghafla, kisha hujikunja na mtoto hulia. Ukimshusha kichwa kikitangulia, umeuamsha mshtuko huo kwa mikono yako mwenyewe. Inama mpaka kifua chako kimkaribie kitanda, ukimshikilia karibu nawe wakati wote. Acha nyayo ziguse kwanza, kisha matako, kisha mgongo, na mwisho kichwa. Usiondoe mikono papo hapo. Uliokuwa chini ya kichwa uchomoe polepole, na mwingine ubaki kifuani pake kwa dakika moja au mbili, ukipunguza uzito wake hatua kwa hatua hadi uwe umegusa tu.

Sababu ya tatu ni shuka baridi baada ya joto la kifua. Weka kiganja chako pale atakapolala kwa dakika chache, au tandika kitambaa chenye joto na ukiondoe kabla ya kumlaza. Chupa ya maji ya moto isibaki kitandani pamoja naye kamwe.

Ya nne ni hewa tumboni. Ikiwa anajikunja na uso kuwa mwekundu mara tu mgongo unapogusa kitanda, mrudishe begani, umcheulishe kwa kumpapasa mgongo dakika chache, kisha ujaribu tena.

Ikiwa ni mshtuko unaomwamsha kila mara, unaweza kumfunga katika shuka nyepesi ya pamba, mikono ikiwa ndani. Kifuani ibane kiasi cha vidole viwili kupita. Nyongani na miguuni iwe huru kabisa, magoti yaweze kukunjika na kutanuka kama ya chura, kwa sababu kuinyoosha miguu na kuifunga kunaweza kudhuru nyonga. Aliyefungwa alazwe chali tu. Siku unapoona dalili ya kwanza ya kujaribu kujigeuza, hata kama ni ya wiki ya nane, kufunga huko kumekwisha.

Onyo. Mtoto asiyekubali kitanda humsukuma mzazi kwenye sofa, kwenye mto, kwenye kiti cha gari kilicholetwa ndani, au kumlaza kifudifudi kwa kuwa "hivyo ndivyo anavyolala vizuri". Ni kweli analala zaidi kifudifudi, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa kuwa anaamka kwa shida hata anapokosa hewa. Kampeni za kuwataka wazazi wawalaze watoto chali zilianza Uingereza mwaka 1991 na Marekani mwaka 1994, na vifo vya ghafla vya usingizini vikapungua kwa zaidi ya nusu katika miaka iliyofuata. Kitanda kiwe na godoro gumu lililolala sawa, bila mto, blanketi zito wala mwanasesere, na kiwe chumba kimoja na mzazi kwa miezi sita ya mwanzo. Chumba hicho kisivutwe sigara. Sofa ni mahali pabaya kuliko pote: ukihisi usingizi unakuchukua hapo na mtoto kifuani, simama. Akisinzia katika kiti cha gari, mtoe na umlaze chali mara mnapofika.

Dalili ya tatu: anaamka kila baada ya nusu saa

Anza na kutazama kabla ya kugusa. Mara nyingi mtoto huyu hajaamka. Yuko kwenye daraja kati ya mzunguko mmoja na mwingine, na anatoa kilio kifupi, anageuza kichwa, anafungua jicho moja. Akiinuliwa hapo ndipo anapoamka kweli. Subiri dakika moja au mbili ukiwa umesimama kando yake. Kilio kikipanda, mchukue; kikikatika, umepata usingizi wako.

Kama ameamka kweli, sababu inayofuata ni njaa. Yuko mtoto anayenyonya dakika nne, akasinzia kwenye titi kwa sababu ya joto, akaamka nusu saa baadaye kudai alichokiacha. Mvue nguo ya juu kabla ya kunyonya, umpapase nyayo anapolegea, umbadilishe nepi kati ya titi la kwanza na la pili. Sikiliza kumeza: mtoto anayepata maziwa huvuta, husita kidogo, kisha humeza kwa sauti inayosikika, na asiyepata hunyonya harakaharaka bila kumeza. Baada ya siku ya tano, nepi zilizolowa mkojo ziwe sita au zaidi kwa siku. Uzito uliopungua baada ya kuzaliwa urudi kufikia wiki ya pili, kisha uongezeke takriban gramu 20 hadi 30 kwa siku. Nepi zikipungua, uzito usiporudi, au chuchu za mama zikichanika, tatizo ni la kunyonya wala si la usingizi, na mkunga anayejua kumweka mtoto kwenye titi atalimaliza upesi kuliko kitu chochote utakachonunua.

Njaa huzidi pia kwa siku chache karibu na wiki ya pili au ya tatu, na tena karibu na wiki ya sita, mtoto anapokua kwa kasi. Hapo mnyonyeshe kila anapotaka, na kwa kawaida hali hutulia yenyewe.

Joto hufuata. Usipime kwa mikono wala miguu, ambayo kwa kichanga hupoa bila sababu. Weka vidole nyuma ya shingo au kifuani. Pakiwa na jasho, punguza nguo. Kofia haina kazi ndani ya nyumba yenye joto la kawaida. Kinachokaguliwa mwisho ni nepi na vipele vilivyo chini yake.

Usijaribu kurefusha usingizi kwa kumpa maji, uji kwenye chupa, asali, au dawa za mafua zinazoleta usingizi. Maji hujaza tumbo bila kulisha na yanaweza kuvuruga chumvi ya damu yake; asali inaweza kubeba vijidudu vya botulizimu, ugonjwa wa sumu unaolegeza misuli, na haifai kabla ya miezi 12; nazo dawa za usingizi zinaweza kumzuia kupumua.

Dalili ya nne: jioni analia na hatulii kwa lolote

Sababu inayosahauliwa zaidi ni uchovu uliopitiliza. Katika mwezi wa kwanza mtoto huweza kukaa macho dakika 45 hadi 60 tu, muda wa kunyonya ukiwa ndani yake. Kufikia mwezi wa tatu hufika saa moja na nusu hivi. Akipitishwa hapo, mwili humwaga homoni za kumweka macho, naye huonekana mchangamfu kumbe anaungua. Dalili za mwanzo ni ndogo: anakwepa kukutazama usoni, nyusi zinapata wekundu, mikono inaanza kurusharusha bila mpango. Kupiga mwayo ni dalili ya katikati. Kilio ni dalili ya mwisho. Andika kwa siku mbili saa aliyoamka na saa aliyoanza kulia, na mara nyingi jibu litaonekana kwenye karatasi hiyo. Mpeleke kwenye giza, mweke ngozi kwa ngozi kifuani, mbembeleze polepole kwa mdundo mmoja usiobadilika. Sauti ya mfululizo kama ya feni husaidia, ila iwe ya chini na chanzo chake kiwe mbali na kichwa chake.

Ikiwa amelala vya kutosha na bado analia kwa saa nyingi, huenda ni chango, ambalo wauguzi huliita koliki. Tangu mwaka 1954 madaktari wamelipima kwa kanuni ya tatu: kilio cha zaidi ya saa tatu kwa siku, zaidi ya siku tatu kwa wiki, kwa zaidi ya wiki tatu, kwa mtoto anayenyonya vizuri na kuongezeka uzito. Kilio cha vichanga hufikia kilele karibu na wiki ya sita, na koliki nyingi huisha kufikia mwezi wa tatu au wa nne. Hakuna dawa ya kuaminika. Kuna kubeba, kutembea naye na kupokezana.

Kabla ya kukubali neno koliki, mvue nguo zote, soksi zikiwemo, na upitie vidole vya miguu na vya mikono kimoja kimoja kwenye mwanga, kisha sehemu za siri. Unywele mmoja wa mama, ambaye nywele zake hunyonyoka sana miezi michache baada ya kujifungua, unaweza kujisokota kwenye kidole ukakikata damu. Kidole kitakuwa kimevimba, chekundu au cha zambarau, na mfereji mwembamba utaonekana chini ya uvimbe. Usipoweza kuutoa wote papo hapo, nenda hospitali. Sababu hii si ya kila siku, lakini kuitafuta huchukua dakika mbili tu.

Onyo. Kilio cha sauti kali kisicho cha kawaida yake, tumbo gumu lililovimba, damu kwenye kinyesi, au kilio kinachoambatana na homa au kulegea si koliki, nacho hakisubiri asubuhi.

Dalili ya tano: anaguna, anajinyonganyonga, anapumua kwa vituo

Watoto wachanga ni walalaji wenye kelele. Kuguna na kujinyonga alfajiri mara nyingi ni utumbo unaojifunza kazi, na usingizi unaendelea. Kupumua kwa haraka, kusita sekunde tano hadi kumi, kisha kuendelea, nako ni kwa kawaida katika umri huu, mradi rangi haibadiliki. Tofautisha kuguna kwa hapa na pale na kuguna kwa kila pumzi inayotoka: huko kwa pili ni dalili ya mapafu kushindwa, na ni safari ya hospitali.

Pua iliyoziba humwamsha kwa sababu kichanga hupumua zaidi kupitia puani. Tone moja au mawili ya maji ya chumvi ya famasi katika kila tundu, dakika chache kabla ya kunyonya, yanatosha. Marhamu za kuchua zenye kafuri au mentholi zisimkaribie.

Dalili ya sita: anacheua na kujipinda akilazwa

Kucheua maziwa kidogo kwa mtoto anayekua na kutabasamu ni shughuli ya kufua nguo tu. Mshike wima dakika 20 hadi 30 baada ya kunyonya, mcheulishe katikati ya kunyonya, kisha mlaze chali palipo sawa. Kuinua godoro au kumlaza kwenye mto hakumsaidii na kunaweza kumziba koo. Matapishi yanayoruka kwa nguvu baada ya kila mlo, hasa kati ya wiki ya tatu na ya sita, huku mtoto akiwa na njaa tena papo hapo, huweza kuwa njia ya kutokea tumboni imebana, na hilo hurekebishwa kwa upasuaji.

Dalili ya saba: analala mno

Mzazi haji kulalamika kwa hili. Huja kulisimulia kwa furaha. Kwangu ndilo linalotisha kuliko yote sita yaliyotangulia. Mtoto wa siku nne ambaye haamki kunyonya anaweza kuwa amechoka kwa kujifungua kugumu, lakini anaweza pia kuwa hapati maziwa, akawa mdhaifu wa kudai, akapata kidogo zaidi, akazidi kulala. Hadi uzito wa kuzaliwa urudi, asipitishe saa nne bila kunyonya, na ni bora kila baada ya saa mbili hadi tatu.

Mvue nguo, mweke kifuani ngozi kwa ngozi, mfute uso kwa kitambaa kibichi, kamua matone machache midomoni mwake. Kisha mbonyeze kidogo ngozi ya paji la uso mchana karibu na dirisha, na uachie: ngozi ikionyesha njano hapo ulipobonyeza, tazama kifua, tumbo na miguu. Njano iliyotokea ndani ya saa 24 za kwanza, au iliyofika viganjani na nyayoni, au inayoambatana na usingizi mzito, inahitaji kupimwa damu siku hiyohiyo. Asipoamka kwa hayo yote, au akiamka akanyonya mara mbili tatu na kulegea, nenda sasa, wala usimpe nafasi ya kulala kidogo kwanza.

Dalili ya nane: aliyeshindwa ni mlezi

Ukijikuta unamshika kwa nguvu kuliko ulivyokusudia, au unawaza kumtikisa anyamaze, mlaze chali kitandani pake, toka chumbani, funga mlango. Dakika kumi za kilio katika kitanda salama hazimdhuru. Kutikiswa sekunde chache kunaweza kumvuja damu ubongoni. Mpigie mtu, umwambie kwa maneno hayahaya kwamba huwezi, na umwombe aje. Ikiwa mama hawezi kulala hata mtoto akiwa amelala, au huzuni na woga vimeendelea kwa zaidi ya wiki mbili, amwone daktari kwa ajili yake mwenyewe. Na akianza kusikia sauti au kuwaza kujidhuru au kumdhuru mtoto, asiachwe peke yake hata kwa muda wa kwenda kuchukua gari.